Ile Buku ya Kuhesabu Watu Haikuandikwa kwa Ajili Yetu

Mwaka uliopita, ku kilio kimoja cha jamaa yetu kule Kasongo, baba mudogo mumoja alitoa mu sakoshi yake fotokopi ya karatasi moja. Ilikuwa ukurasa wa buku ya sensa ya 1953. Juu kuliandikwa jina la mugini na la shefu, na chini yake majina ya wanaume, mumoja kisha mwingine. Jina la saba lilikuwa la baba ya nkambo wangu. Kandokando yake: umri, 45, muke, mumoja, watoto, watatu.

Baba mudogo alisoma kwa sauti, akakunja karatasi, akasema: «Muzee alikuwa na muke mumoja na watoto watatu. Serikali njo iliandika. Ninyi wengine, mutuonyeshe karatasi yenu.»

Watu wote wakanyamaza. Sisi wa upande wetu tunatoka kwa muke wa pili. Hatuko mu ile karatasi. Na kila mutu mwenye alikuwa pale alijua kwamba hayakuwa mazungumzo ya historia tu. Kuko shamba ya mingazi karibu na mutoni, na wandugu wanataka kuigawanya.

Wandugu wasomi, ninaandika juu ya ile karatasi kwa sababu ninaona siku hizi wengi kati yetu wanatafuta mizizi. Mumoja anapata kopi ku biro fulani, mwingine anatumiwa picha na ndugu yake mwenye iko Ubelgiji, na kila mara neno ni lilelile: «Nimepata ukweli wa familia yetu.» Mimi nasema hapana, polepole. Karatasi ya sensa iko na mafaa mingi. Lakini tunaisoma vibaya. Tunaisoma kama vile babu yetu njo aliiandika ili sisi tumujue. Haiko vile.

Mimi ni mutu wa agronomi, si wa historia. Lakini ku fakilte walitufundisha jambo moja lenye linafaa hapa: mbele ya kuamini hesabu, uliza nani alihesabu, na alitaka kufanya nini na ile hesabu. Tufanye vile.

Nani aliandika, na alitafuta nini?

Dekreti ya Mei 1910 iliweka watu wa Kongo chini ya masheferi, na kila mutu akapaswa kuwa wa sheferi moja yenye kujulikana. Mutu hakuweza kuhama vile anataka. Alihitaji karatasi ya ruhusa. Kisha dekreti ya Desemba 1933 ikapanga masheferi na masekteri upya. Mu ule utaratibu wote, sensa ilikuwa chombo cha kazi. Bwana wa teritwari alifika mu mugini na karani na polisi, watu wakaitwa, majina yakaandikwa. Hakukuja kuandika ukoo. Alikuja kujua nani atalipa kodi.

Mu zile buku kuko kifupi kimoja chenye kinarudia kila fasi: H.A.V., maana yake «hommes adultes valides», ni kusema wanaume wazima wenye nguvu. Ile njo ilikuwa mbegu ya sensa yote. Wanawake, watoto na wazee walihesabiwa pia, ndiyo, lakini hesabu yenye ilipanda juu mu maripoti ilikuwa ya H.A.V. Juu yao njo kodi ilikatwa. Juu yao njo kampuni za migodi ziliambiwa kama mugini unaweza kutoa wafanyakazi wangapi. Na juu yao, hapa sisi watu wa agronomi tusijifiche, njo pamba iligawanywa.

Maniema iko kati ya fasi za kwanza mu Kongo zenye pamba ilijaribiwa kulimwa kwa ajili ya soko. Ordonansi ya Februari 1917 ikaruhusu serikali kulazimisha watu kulima mimea fulani, mpaka siku 60 kwa mwaka. Mu 1942, wakati wa vita, zikapandishwa kuwa siku 120. Ni nani aliamua kila mwanaume alime shamba ya ukubwa gani? Agronomu na moniteri wake. Walichukua hesabu ya H.A.V. mu buku ya sensa, wakapima, wakagawanya. Wakubwa wetu mu kazi, wenye tunarisi vitabu vyao na vituo vyao kama Yangambi, walitumia ile ile buku yenye leo tunaiita «mizizi yetu».

Kwa hiyo jiulize kama ungekuwa mule mugini. Unasikia bwana anakuja kuandika watu. Kijana wako iko na miaka 16, mwili umekomaa. Ukimuleta mbele ya karani, karani anamuangalia, anaandika 18, na kijana ameingia mu kodi na mu pamba. Utafanya nini? Nkambo wangu wa kike, dada ya babu yangu, mwenye iko na miaka mingi sana lakini kichwa chake kiko wazi, alinijibu bila kufikiri: «Siku ya kuandikwa, mama alitutuma ku shamba. Tulirudi magaribi.»

Yeye na babu yangu walikuwa ku shamba. Njo maana hawako mu karatasi. Sensa haikuwasahau, mama yao njo aliwaficha.

Muke wa pili alienda wapi?

Sasa tufike ku jambo lenye lilitupiganisha. Karatasi inasema muke mumoja. Familia yote, hata wale wa upande wa baba mudogo, wanajua jina la muke wa pili, kaburi lake, na mugini wenye alitoka. Basi juu ya nini karatasi inasema mumoja?

Kodi ya mukoloni haikuwa sawa kwa wote. Mwanaume mwenye alikuwa na wake wengi aliongezewa kodi juu ya kila muke mwenye alipita wa kwanza. Kisha dekreti ya Aprili 1950 ikaenda mbali zaidi: ndoa ya wake wengi yenye ingefungwa kuanzia 1 Januari 1951 haikukubaliwa tena mbele ya sheria. Sasa weka ile mbele ya macho: mwaka ni 1953, uko Kasongo, fasi yenye Waislamu ni wengi, muzee mwenyewe ni Mwislamu, aliowa muke wa pili kwa nikaha mbele ya 1940. Kwa dini yake hana kosa. Kwa buku ya bwana, kila muke wa kuongeza ni franka za kuongeza, na pengine maulizo mingi. Muzee anajibu nini karani anapouliza «Wake wangapi?»

Sisemi kwamba niko na ushahidi ya kile muzee alijibu ile siku. Nasema kwamba neno «mumoja» mu ile safu ni jibu la mutu mbele ya mutoza kodi. Usilichukue kama jibu la baba mbele ya watoto wake.

Na wanawake wenyewe, mu hizi buku wanaonekana namna gani? Mara nyingi kama hesabu tu nyuma ya jina la mwanaume. Muji ilikuwa na namna yake ingine. Mu miji ya Kongo Belge kulikuwa kodi ya wanawake wazima wenye serikali iliita «vivant théoriquement seules», maana yake wenye wanakaa peke yao, kwa kudhani. Angalia ile neno «kwa kudhani». Karani hakujua kama yule mama ni mujane, ni muchuuzi, ao ni muke wa pili wa mutu mwenye iko Likasi. Alimutafuta tu kwa sababu alikuwa wa kulipishwa. Basi ukipata siku moja jina la nkambo wako wa kike mu liste ya namna hii, usikimbie kusema alikuwa mwanamuke wa tabia fulani. Ile liste inakuambia alidaiwa. Haikuambii aliishi namna gani.

Watu wa fasi zingine waliona mambo yenye kufanana. Mu Marekani, sensa za 1850 na 1860 ziliandika watumwa kwa umri, jinsia na rangi tu, chini ya jina la bwana wao. Mara karibu zote bila majina. Ni mu 1870, kisha utumwa kuisha, njo sensa ya inchi ilianza kuandika watu weusi wote kwa majina. Wajukuu wenye wanatafuta jamaa zao wanafika ku ule mwaka na kugonga ukuta. Hawasemi kwamba mbele ya 1870 hawakuwa na wazazi. Wanasema: yule mwandishi hakutaka majina yao. Na sisi tuwe na akili ileile.

Mazuri yake pia tuyaseme

Nisionekane kama mutu mwenye anataka kuchoma makaratasi. Ule ukurasa ulinifundisha mambo yenye hakuna mutu mu familia alijua.

La kwanza ni jina la mugini. Sisi tulikuwa tunajua tu mugini wa leo, kando ya barabara. Karatasi iliandika jina lingine, na nkambo alipolisikia alicheka: «Eh! Ile ni fasi ya zamani, mbele watusogeze ku barabara.» Mukoloni alisogeza migini mingi kandokando ya njia, ili kodi, pamba na daktari vifike bila kutembea mu pori. Basi jina moja tu mu karatasi lilifungua mudomo wa mama muzee, na kwa saa mbili alitueleza nani alikaa kando ya nani.

Kesho yake nilienda kuona. Saa moja na nusu kwa miguu. Hakuna nyumba hata moja, lakini mutu wa agronomi hahitaji ukuta ili kujua kwamba watu walikaa fasi fulani. Mingazi ya uzee imesimama pamoja, si mumoja mumoja kama mu pori. Miti mikubwa ya maembe iko mu mustari. Na udongo, ukichimba kidogo, ni mweusi kuliko ule wa pembeni: majivu, takataka za jikoni, miaka mingi ya watu kula na kutupa. Yule mama alinionyesha kwa maneno mbele niende: ku upande wa maembe, nyumba ya muke mukubwa, ku upande wa mutoni, nyumba ya muke mudogo. Na ku upande wa mutoni niliona udongo mweusi pia. Udongo haukuniambia jina la mwenye kukaa pale. Lakini haukumupinga yule mama.

La pili ni umri. Hapa sensa inasaidia kama unajua kasoro yake. Angalia ile safu: 20, 25, 30, 40, 45, 45, 50. Hakuna 37. Hakuna 42. Mutu mwenye amefanya takwimu hata kidogo anaona mara moja kwamba karani alikuwa anakadiria kwa macho na kufunga ku tano ao ku kumi. Basi usiandike mu mti wa familia «alizaliwa 1908» juu tu ulifanya 1953 kutoa 45. Andika «kati ya 1900 na 1915», kisha utafute tukio lenye wazee wanakumbuka.

La tatu ni kufuatisha mutu mwenye alihama. Babu yangu mwenye hakuandikwa ku mugini aliandikwa siku moja, kule Élisabethville, yenye leo ni Lubumbashi, wakati alitafuta kazi. Karatasi yake ya kazi iko kwetu mpaka leo. Iko na jina la sheferi yake na la baba yake. Ni jina lilelile la ule mustari wa saba. Kwa hiyo buku moja ilimukataa, ingine ikamukubali, juu kila buku ilikuwa na njaa yake: ya kwanza ilitaka mulipa kodi na alifichwa, ya pili ilitaka mufanyakazi na alijileta mwenyewe.

Ku laboratware ya udongo hatuchukui shimo moja na kusema «hii ndiyo shamba». Tunachukua mashimo kumi, kumi na tano, tunachanganya. Ukurasa wa sensa ni shimo moja. Shimo zingine ni karatasi za kazi, buku za batizo ku misioni kwa wenye walibatizwa, mashahidi wa nikaha kwa wenye hawakubatizwa, makaburi, na zaidi ya yote wamama wazee. Na wamama wazee hawatungoji. Biro ya archives itakuwa wazi hata mwaka ujao. Yule mama, sijui.

Tena mukumbuke majina. Mutu mumoja anaweza kuwa na jina la mugini, jina la dini, na jina lenye alichukua wakati Mobutu alikataza majina ya kikristo mu 1972. Miji nayo ilibadilika: Albertville ni Kalemie, Costermansville ni Bukavu, Jadotville ni Likasi. Na karani aliandika kwa sikio la Kifaransa. Ukitafuta herufi moja kwa moja, utamupita babu yako bila kumusalimia.

Pale karatasi inakuwa panga

Kuko jambo la mwisho, na hili ni la hatari kuliko shamba la mingazi. Mu Rwanda, jirani yetu, Wabelgiji mu miaka ya 1930 waliandika watu na kutia mu kitambulisho neno moja: Hutu, Tutsi ao Twa. Mu 1994, ku mabariere, lile neno moja liliamua nani anapita na nani anakufa. Ile ni sensa pia.

Kwetu, sheria za uraia zimechezesha tarehe. Ile ya 1972 ilichukua 1 Januari 1950 kuwa mupaka kwa watu wenye asili ya Ruanda-Urundi wenye walikuwa wanakaa Kivu. Ile ya 1981 ikarudisha mupaka nyuma mpaka 1 Agosti 1885. Ile ya 2004 inaangalia makabila yenye yalikuwa mu inchi wakati wa uhuru. Kila mara mupaka unasogea, watu wanakimbilia karatasi ya zamani ili kuonyesha «sisi tulikuwa hapa» ao «ninyi hamukuwa». Na ile karatasi ya zamani iliandikwa na mutu mwenye alikadiria umri kwa macho na hakuona watoto wenye walikuwa ku shamba. Tunataka kuifanya iwe hakimu wa nani ni mutu wa hapa?

Inchi yetu haijafanya sensa ya watu wote tangu ile ya Julai 1984. Wengi wetu wenye tunasoma hii ukurasa hatujaandikwa mu sensa hata moja. Kitambulisho chetu ni karte ya uchaguzi. Basi kesho mujukuu wetu akitafuta, atapata nini? Atakuta kwamba mu 2023 tulikuwa na umri wa kupiga kura. Akisema kwamba ile njo maisha yetu yote, tutamuambia nini?

Nirudi ku kilio. Sikuweza kumushinda baba mudogo kwa maneno. Yeye ni mukubwa wangu, na haifai kijana asimame mbele ya watu kumusahihisha. Nilimungoja inje, tukakaa chini ya muti, nikamuomba anionyeshe karatasi, na nikamuuliza swali moja tu: «Baba, wewe mwenyewe ulizaliwa 1950. Watoto watatu wenye wameandikwa hapa, wewe ni wa ngapi?» Alihesabu ndugu zake wakubwa ku vidole. Wa tumbo la mama yake tu, wenye walikuwa wazima mu 1953, walikuwa watano. Alirudia kuhesabu. Kisha akakaa kimya, akiangalia karatasi kama vile imemuchapa.

Hata yeye, pengine, hayuko mule.

Mambo ya shamba hayajaisha. Yako mbele ya wazee, na sitayaweka hapa. Lakini mbele ya kuondoka nilinunua kayee moja ku soko. Nkambo alitaja, mimi nikaandika: wake wote wawili, watoto wote wa kila tumbo, wenye walikufa wadogo pia. Juu ya ukurasa nikatia tarehe, jina la mwenye kusema, jina la mwenye kuandika, na sababu ya kuandika: kugawanya shamba, na kujuana. Mwenye ataisoma kisha miaka 70 ajue na sisi tulitafuta nini. Baba mudogo alitia sahihi chini. Fotokopi ya 1953 tuliiweka mu ile kayee, imekunjwa, kati ya kurasa zingine.